Barua ya Neno Moja

Ninaandika taarifa hii kwa ajili ya yule ambaye leo ameketi kwenye benchi la hospitali, ameshika kichupa cha makohozi mkononi, na hajui amwambie nani. Mimi nilikaa kwenye benchi hilo kabla yako. Lina msumari uliotokeza upande wa kushoto, na mgeni asiyeonywa huchana suruali yake. Kaa upande wa kulia.

Mimi ni karani mstaafu. Kwa miaka ishirini na minane nilitumikia serikali ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, nikiandika daftari la vizazi na vifo kwa Kiswahili na Kifaransa. Nilipostaafu nilirudi kwetu katika kisiwa cha Kilwa, ndani ya Ziwa Mweru, mahali pasipofikiwa ila kwa mtumbwi. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba anayeandika amezoea kuandika mambo kama yalivyotokea, na kwamba pale nilipokosea mwenyewe, kosa langu nitaliandika pia. Jina langu ni Mwelwa. Lina herufi ya l katikati. Cheti changu cha utumishi kinasema "Mwewa," na kwa miaka minne nimeandika barua kuomba herufi hiyo irudishwe mahali pake. Sijajibiwa. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu litarudi.

Kuhusu ugonjwa wenyewe sitasema mengi, kwa kuwa madaktari wapo. Ulianza na kikohozi cha asubuhi ambacho nilikidharau. Baadaye mkanda wangu wa suruali ukahitaji tundu jipya, kisha la pili, kisha nikaacha kutoboa na kuufunga kwa fundo. Kola ya shati ilibaki wazi shingoni hata nikiifunga kifungo. Siku moja ya msimu wa baridi, mwezi wa Juni, nilikohoa katika leso nikaona wekundu. Niliikunja leso, nikaitia mfukoni, nikamaliza kunywa uji wangu. Mke wangu alikuwa akinitazama.

Mke wangu tunamwita Bana Chola, yaani mama yake Chola, ambaye ni binti yetu wa kwanza. Na kwa desturi hiyohiyo yeye huniita Bashi Chola. Nyumbani tunasema Kibemba, na maneno yake katika taarifa hii nimeyaweka kwa Kiswahili mimi mwenyewe. Yeye Kiswahili anakijua kile cha sokoni tu, cha kuuliza bei ya chumvi na kukataa samaki waliooza. Kusoma hajui.

"Hiyo leso nipe nifue," alisema.

"Si ya kufuliwa na mtu mwingine," nilimjibu, na tangu siku hiyo nikajitenga. Nilichora alama nyeupe kwenye kikombe changu na sahani yangu. Nilihamishia mkeka wangu kwenye ukumbi wa nje. Wajukuu niliwakataza kukaribia. Narudia, kwa sababu watu kisiwani walisema vingine: ni mimi niliyejitenga. Hakuna aliyenitenga.

Kaka yake Bana Chola, shemeji yangu Kaoma, ana mtumbwi mkubwa. Alinivusha hadi Nchelenge, penye hospitali ya misheni yenye nyumba ya wagonjwa wa kifua, juu kidogo ya ufuko. Kaoma ni mtu wa mzaha kupita kiasi. Njiani alinitazama nilivyokuwa mwepesi, akasema, "Shemeji, safari hii mtumbwi haujui kama nimembeba mtu." Sikucheka. Nilikuwa na homa kali, na kuhusu siku zile za kwanza kumbukumbu zangu zina mapengo. Pengo mojawapo ndilo kiini cha taarifa hii.

Katika nyumba ile ya kifua mtu hapimi siku kwa kalenda. Hupima kwa sindano. Kila asubuhi iligongwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa mtini, nasi tukajipanga kwenye benchi lile lenye msumari, kila mtu akiwa amekwisha kulegeza nguo yake. Aliyetuchoma alikuwa Ilunga, mtu wa Katanga aliyevuka ziwa akaoa hapa Nchelenge. Alijiita enfirmie, yaani muuguzi kwa Kifaransa, na hakupenda kuitwa vinginevyo.

"Muzee kalani, geuka. Leo ni upande ya kuume."

"Jana pia ulichoma upande wa kuume. Nimeandika."

"Uliandika?" Alisimama na sindano juu. "Batu bengine beko nasali wakati ya sindano. Weye uko naandika."

Alichoma upande wa kushoto. Tangu siku hiyo tukawa marafiki, kwa namna ya kugombana kila asubuhi. Kulikuwa pia na unga wa dawa mchungu tuliokorogewa katika maji, na baada ya kuunywa Ilunga alinipa kipande cha muwa mfukoni mwake, akitazama pembeni, kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi na miwa yake michache. Andika hilo pia, ewe unayesoma: utakutana na mtu wa namna hiyo. Usimwulize kwa nini.

Dawa hiyo inaponya kifua lakini inacheza na masikio. Kufikia sindano ya hamsini nilisikia mlio wa nyenze kichwani mchana kutwa, na nikigeuka ghafla, ardhi iligeuka nami ikichelewa kidogo. Mwezi wa Oktoba, kwenye joto lile linalotangulia mvua, nilianguka kwenye ngazi za choo mbele ya watu wa soko. Sikuumia, ila goti lilichubuka. Lakini wachuuzi wa samaki huvuka kila wiki kati ya Nchelenge na Kilwa, na habari kwamba karani ameanguka ilifika kisiwani kabla goti langu halijakauka.

Sasa naja kwenye lile lililoniuma kuliko sindano.

Kila Jumapili ndugu wa wagonjwa walikuja na kusimama nje ya ua wa miti, kwa kuwa kanuni iliwazuia kuingia. Walikuja kwa baiskeli kutoka Kabuta, walikuja kwa miguu kutoka vijiji vya ndani, wamebeba unga wa muhogo na kuku waliofungwa miguu. Mimi nilikuwa na tabia, ambayo siitetei, ya kuandika wageni wa kila mgonjwa katika daftari langu. Kwa jina la kila mtu kulikuwa na safu. Katika safu yangu niliandika "hakuna," kisha wiki iliyofuata "hakuna," na ilipofika Agosti nikaanza kuweka kistari tu ili kuokoa wino. Septemba kistari. Oktoba nilianguka, nikasema moyoni kwamba sasa atakuja. Kistari.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja ya ndoa. Nilikaa kwenye ukumbi wa nyumba ile, nikitazama ziwa likibadilika rangi kila mawingu yalipopita, na nikafikia uamuzi kama mtu anayefunga jalada: Bana Chola ameniacha, nami sina nyumba ya kurudi. Kupona nilikokuwa nakuombea kukaanza kuniogopesha. Mgonjwa ana kitanda cha hospitali. Mtu mzima asiye na mke kisiwani ana nini?

Hata chakula kilinikasirisha. Kila baada ya wiki mbili Ilunga aliniletea samaki wakavu, mapale manono ya ziwa letu yaliyopasuliwa mgongoni, akisema ni ya jikoni. Yalikuwa na chumvi kupita kiasi. Nilimwandikia mkuu wa jiko barua ya malalamiko, yenye nakala.

"Muzee, kula tu," Ilunga aliniambia. "Hii chumvi ni ya mutu, haiko ya jikoni."

Sikumwuliza ana maana gani. Nilikuwa nimekasirika mno kusikia Kiswahili.

Mvua zikaja. Ziwa likawa la kijivu, na upepo ukaanza kupiga ghafla mchana, kama unavyofanya kila mwaka, hata wavuvi wenye akili wakawa wanavuka asubuhi tu. Siku mbili baada ya Krismasi kichupa changu cha tatu kikarudi safi. Daktari alinitazama juu ya miwani yake akasema kwamba naweza kwenda nyumbani kabla ya mwaka kwisha, na kwamba naweza kula chungu kimoja na watu wangu. Kola yangu ilikuwa imeanza kukaa shingoni tena. Nilitembea kutoka chumbani kwake hadi benchi bila kushika ukuta.

Asubuhi ileile mchuuzi mmoja alikuwa anaondoka kwenda Kilwa. Ilunga alikuja mbio. "Muzee, mutumbwi inatoka sasa. Andika upesi."

Hapa naomba msomaji awe makini. Katika miaka yote ya utumishi wangu ng'ambo, mke wangu alipokuwa kisiwani, nilimwandikia kwa Kibemba, na barua zangu zilikuwa ndefu. Siku ile sikutaka kumpa maneno marefu. Nilichukua karatasi, nikaandika mahali na tarehe juu upande wa kulia, na katikati nikaandika neno moja kwa Kiswahili, lugha ya kazini, kama mtu anavyoiarifu ofisi asiyoipenda: *Nimepona*. Chini niliweka sahihi, na juu ya sahihi nikagonga muhuri wangu wa jina, ambao nilinunua kwa fedha zangu na ambao una l yake. Niliona nimemwadhibu vya kutosha.

Kisha nikangoja mtumbwi wa kunirudisha, na katika kungoja huko nikafanya kazi ya mwisho wa mwaka.

Ofisini, siku za mwisho za Desemba, daftari hufungwa. Unapiga mistari miwili ya wino mwekundu chini ya shughuli ya mwisho, halafu chini ya mistari unaandika kichwa: *Mambo yaliyosalia*. Hayo ndiyo mambo yatakayovuka kuingia mwaka mpya. Nimefanya hivyo pia kwa maisha yangu tangu ujana, na nawashauri wengine wafanye, ingawa si kwa namna niliyofanya mwaka ule. Niliandika manne. La kwanza, herufi ya l katika cheti changu. La pili, kupeleka shauri la ndoa yangu kwa mahakama ya chifu ili ivunjwe. La tatu, kutengeneza paa la nyumba, kwa yeyote atakayekaa humo. La nne, kuandika masahihisho ya daftari la kanisa letu, ambalo lina makosa mengi. Niliyasoma, nikaona ni kazi safi. Nilikunja karatasi na kulala vizuri, jambo linaloonyesha kwamba mtu anaweza kuponywa kifua na kubaki mgonjwa mahali pengine.

Tarehe thelathini, asubuhi, nilivaa koti langu na kukaa ukumbini. Kutoka upande wa kivuko nilisikia kilio. Kilikuwa kilio cha msiba, cha wanawake, na nikajiuliza ni mgonjwa gani tuliyempoteza bila mimi kuandikiwa. Ilunga alikuja mbio, kofia mkononi.

"Muzee kalani. Batu ya kwenu beko nalia kule chini. Beko na sanda."

"Sanda ya nani?"

"Ya weye."

Nilisimama. Ilunga alikuwa amekwisha kugeuka kuteremka tena, naye alipokuwa bado mbali nao alianza kuwatuliza kwa sauti yake kubwa, akipunga kofia: "Musilie, bamama. Amepona. Muzee amepona."

Kilio kikaongezeka.

"Amepona kabisa," alisema Ilunga. "Amepona, mi mwenyewe nilimuona."

Mwanamke mmoja akajitupa chini mchangani. Ilunga aligeuka kunitazama, mikono imeanguka ubavuni, kama mtu aliyemwaga maji juu ya moto na moto ukawaka. "Mi sielewi hawa batu," alisema. "Kila nikiwaambia habari mzuri, beko nalia zaidi."

Ndipo nikaelewa, nikakaa tena. Kwa Kibemba, *kupona* ni kuanguka. Mtu akisema *nimpona*, amesema "nimeanguka." Mimi niliyeandika katika lugha tatu kwa miaka ishirini na minane nilikuwa nimemtumia mke wangu, katika nyumba ya Wabemba, kwa mkono wa mgonjwa ambaye kila mtu alijua kwamba ameanza kuanguka, habari kwamba nimeanguka tena, na nilikuwa nimeipiga muhuri. Na kisiwani, mgonjwa wa kifua akianguka mara ya pili, watu hawangoji ya tatu; hutafuta sanda.

Niliteremka polepole, nikishika ua. Bana Chola ndiye aliyekuwa mchangani. Kaoma alisimama nyuma yake, bando la nguo nyeupe mabegani, maji yakimtiririka hadi magotini. Kaoma aliniona kwanza. Alinitazama koti, viatu, kola.

"Dada," alisema, "maiti yako inakuja yenyewe."

Bana Chola aliinua uso. Hakukimbia kuja kwangu. Alikaa kitako palepale, akafuta mchanga shavuni kwa kiganja, akanitazama. Nilimwona amekonda. Sikuwa nimefikiri kwamba yeye naye anaweza kukonda.

"Uko hai," alisema.

"Niko hai."

"Umevaa koti."

"Nilikuwa nangoja mtumbwi."

"Mimi nimevuka ziwa la Desemba na sanda, nimeteka maji kwa bakuli kutoka mtumbwini tangu kisiwani hadi hapa, na wewe umevaa koti."

Angenipiga kofi ningelistahimili vizuri zaidi. Lakini mimi nilikuwa na safu yangu ya vistari, na hasira ya miezi sita haiishi kwa dakika moja. Nilisema, kwa sauti ambayo hata sasa naiona aibu, "Umekuja kuzika, Bana Chola. Kuona mgonjwa hukuja. Miezi sita. Nimeandika."

Kaoma alitazama ziwa.

Bana Chola alifungua fundo la kitenge chake kiunoni, akatoa karatasi mbili zilizofungwa kwa kipande cha plastiki cha mfuko wa chumvi, akanipa ya kwanza. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata mikunjo ikawa na vitundu. Ilikuwa na tarehe ya wiki yangu ya kwanza hospitalini. Mwandiko ulikuwa wangu, ingawa ulitetemeka. Ilisema kwa Kibemba: *Asije mtu yeyote kuniona mpaka nitakapotoa taarifa.* Chini kulikuwa na sahihi. Juu ya sahihi kulikuwa na muhuri.

Sikuikumbuka. Naapa sikuikumbuka. Lakini muhuri ni wangu.

"Kila mwezi nilimpelekea mwalimu wa shule anisomee," alisema. "Nilimwuliza, je, imekwisha? Akasoma, akasema bado. Mwezi mwingine nikaenda tena, labda kuna mahali aliruka. Akasema, mama, karatasi haibadiliki. Ulipoanguka mwezi wa Oktoba nilikwisha kuingia mtumbwini. Kaoma ananishuhudia. Nikashuka. Nikasema Bashi Chola ni mtu wa karatasi, nikienda bila ruhusa atanifukuza mbele ya watu."

"Ni kweli," alisema Kaoma kwa upole. "Alishuka na magunia yake. Samaki tulimpa mchuuzi alete."

"Samaki gani?"

Ilunga alikohoa. Ndiye aliyekuwa akivumilia malalamiko yangu kuhusu chumvi. "Mi nilikuambia, muzee. Chumvi ya mutu."

Kwa miaka thelathini na moja nimekula samaki wa mwanamke yule, na kwa miaka thelathini na moja nimemwambia anazidisha chumvi. Nilikuwa nimekula wageni wangu wote wa Jumapili na kuandika "hakuna."

Bana Chola alinipa karatasi ya pili. Ilikuwa barua yangu ya neno moja. Mwalimu wa kisiwani, aliyezoea barua zangu za Kibemba, alikuwa ameisoma kwa Kibemba, akaona herufi ya e imezidi, akaifuta kwa kalamu yake nyekundu ya kusahihishia watoto. *Nim–pona.* Nakiri kwamba jambo la kwanza lililonipanda kifuani, nikiwa nimesimama mbele ya mke wangu na sanda yangu, lilikuwa ghadhabu kwamba mwalimu wa darasa la tatu amesahihisha tahajia yangu. Jambo la pili lilikuwa kicheko. Kiliniumiza mbavu, kikanifanya nikohoe, na wote wakanitazama kwa hofu, hata Ilunga akaja kunitazama leso. Ilikuwa safi.

"Taarifa imetoka," alisema Bana Chola, akiinuka kwa mara ya kwanza. "Ndiyo maana nimekuja. Hukusema ni taarifa ya nini."

Upepo ulikuwa umepanda, na Kaoma hakutaka kuvuka mpaka utulie. Tulikaa Nchelenge siku mbili. Tarehe thelathini na moja, mchana, Bana Chola aliketi nami kwenye benchi lile, upande wa kulia, nami nikamwonyesha msumari. Aliona karatasi katika mfuko wa koti langu akaniuliza ni nini. Nilimweleza desturi ya kufunga daftari. Akaniambia nimsomee. Nikasoma, nikipitisha kidole: herufi ya l, paa la nyumba, daftari la kanisa.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

"Mistari ni minne. Wewe umesoma mitatu. Kidole chako kinaruka hapa."

Ningeweza kumwambia chochote. Hajui kusoma. Nilikumbuka safari zake za kila mwezi kwa mwalimu, kuuliza kama kuna mahali aliruka. Nikamsomea mstari wa pili, kwa Kibemba, kwa ukamilifu, pamoja na jina la mahakama.

Hakulia. Alitazama mikono yake, akaanza kubandua magamba ya samaki yaliyokauka ukuchani. Mgonjwa mmoja alipita akatusalimu, tukaitikia wote wawili. Baadaye akasema, "Ungefika kwa chifu, ungetoa safu yako ya wageni. Mimi ningetoa karatasi yangu yenye muhuri. Chifu angecheka mpaka jioni."

"Angecheka."

"Na mimi nina jambo langu la mwaka mpya. Andika."

Nilichukua kalamu. Nilipiga mstari juu ya jambo la pili, mstari mmoja ulionyooka, ili maneno yaendelee kusomeka chini yake, kwa maana kumbukumbu haifutwi, inasahihishwa. Kisha nikangoja.

"Andika hivi: Bashi Chola asinitumie karatasi tena. Akiwa na neno, aje aliseme kwa mdomo. Akishindwa kuja, anyamaze, nitakuja mwenyewe kuuliza."

"Unataka niandike kwenye karatasi kwamba nisiandike karatasi."

"Andika. Wewe usipoandika hushiki."

Niliandika. Liko pale, la kwanza katika orodha. Herufi ya l nimeihamishia chini kabisa. Sitaki kudanganya kwamba nimeiacha, kwa maana bado ni haki yangu, na mtu aliyekosea bado ni ofisi ile. Lakini kwa miaka minne nilikuwa nimeweka herufi moja juu ya kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba yangu, na nikaona ni mpangilio mbaya wa orodha, ambao nisingeuvumilia kwa karani wa chini yangu. Paa limekuwa la pili, nikiondoa yale maneno "kwa yeyote atakayekaa humo."

Kwako wewe uliye kwenye benchi, haya ndiyo ninayoweza kukupa. Hesabu sindano, lakini usihesabu wageni. Homa ya wiki ya kwanza isikufanye utoe amri. Mwambie mtu mmoja akuwekee kumbukumbu ya uliyoyasema ukiwa na homa, halafu mwulize. Chakula kikija, uliza kimetoka kwa nani. Na masikio yakilia, hayo hupungua. Ya kwangu sasa hulia kama nyenze mmoja tu, naye yuko mbali.

Siku ya mwaka mpya, asubuhi, ziwa lilikuwa limetulia, la rangi ya bati. Ilunga alituteremsha hadi majini, akanipa kipande cha mwisho cha muwa. "Muzee, usirudi," alisema, na mahali pale hayo ndiyo maneno mema ya kuagana. Kaoma alipiga kasia akilalamika kwamba sanda imesafiri mara mbili bila kufanya kazi.

"Sanda ni nguo nzuri," alisema Bana Chola. "Nitashona foronya nne, na pazia la dirisha la ukumbini."

"Alale juu ya sanda yake?" aliuliza Kaoma.

"Alale. Ataizoea kidogo kidogo."

Kisiwani watu walikuwa wamejaa kivukoni, wamevaa nguo za kanisani kwa ajili ya ibada ya mwaka mpya, na wengine bado wamejifunga vitambaa vya msiba kichwani, kwa kuwa hawakuwa na uhakika ni ipi ibada ya siku hiyo. Mwalimu alikuwa mbele. Nilikuwa nimeiandaa barua yangu mkononi ili nimwonyeshe alama yake nyekundu, na nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilishuka mtumbwini kwa miguu yangu, nikasimama mchangani bila kushikwa, nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nimepona."

Mama mmoja mzee wa jirani yetu, aliyekuwa amepashwa habari na mtumbwi uliotutangulia na aliyekuwa akingoja nafasi yake tangu alfajiri, akauliza kwa Kibemba, kwa uso mkavu kabisa, "Ameanguka wapi, jamani?"

Watu wote wakacheka, mwalimu zaidi ya wote, na nikafungua mdomo kueleza tofauti ya lugha hizi mbili. Bana Chola alinitangulia. Alikuwa bado ndani ya maji, bando la nguo nyeupe kichwani, naye akajibu kwa Kiswahili chake kile cha sokoni:

"Aliponea kwangu."

Neno hilo lina maana mbili, na zote mbili zilikuwa kweli. Nilikunja barua nikaitia mfukoni. Jioni nilifungua daftari jipya, nikaliandika jibu lake katika ukurasa wa kwanza, kama alivyolitamka, na sikulisahihisha.